Mtakiane Amani

Dervla, binti yangu pekee, alifika kwangu Jumapili mchana na sikio la kushoto limechanika ndewe. Mkono mmoja ulimvuta mtoto wake, mwingine ulikandamiza taulo la vyombo ambalo asubuhi yake lilikuwa jeupe. Aliyemchana ni mumewe, Enda Geraghty. Aliishika hereni akaivuta. Sababu ilikuwa viazi. Eti alivipondea bila siagi ya kutosha. Nayasema haya mwanzo kabisa ili asije mtu akanizungusha baadaye na yale maneno ya kila jambo lina pande mbili. Hili lilikuwa na upande mmoja, na upande huo ulikuwa unadondosha damu kwenye sakafu yangu.

"Mtoto aliona?" nikamuuliza.

"Alikuwa mezani, mama. Anakula."

Mtoto mwenyewe, Éabha, wa miaka minne, alikwenda moja kwa moja chini ya meza yangu akakaa huko na mbwa. Hakulia. Mtoto asiyelia mbele ya damu ya mama yake ameshaizoea, na hilo lilinikata maini kuliko sikio.

Nikampeleka Dervla kwa daktari, akashonwa nyuzi saba.

"Umefanywa nini?" daktari akauliza.

"Seng'enge. Nilikuwa naruka uzio."

"Na hereni?"

"Ilinasa."

Daktari akamtazama, kisha akanitazama mimi, akaandika seng'enge. Hapa kwetu Drumkeelan, kaunti ya Roscommon, watu wana macho makali sana ya kuona ng'ombe wa jirani ameingia shamba gani, lakini mwanamke mwenye jicho jeusi anaweza kupita katikati ya kijiji na asionwe na mtu.

Jumatatu Dervla akabadili mawazo. Akaenda mwenyewe kwa polisi, halafu kwa wakili, mwanamke mwembamba mwenye mafua. Akapewa Alhamisi kufika mbele ya hakimu, kuomba amri ya kumzuia Enda asimkaribie yeye wala mtoto. Mimi nilikaa pembeni nikisikiliza.

"Nani amewahi kumwona akikupiga?" wakili akauliza.

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hapigi mbele ya watu."

Na kweli, Enda hapigi mbele ya watu. Enda ni kocha wa mpira wa watoto. Gari la mtu likiingia mtaroni, Enda ndiye anayekuja na trekta. Kwenye misiba hubeba jeneza upande wa mbele na hulia kuliko wafiwa. Ukimsema vibaya kijijini, watu watakupima joto.

"Basi nisikilizeni," wakili akasema, akipenga kamasi. "Mpaka Alhamisi, msipatane naye. Hata kwa salamu. Upande wake ukileta mtu mmoja tu wa kusema mlipeana mikono, hakimu atasema haya ni mambo ya mke na mume, na faili litafungwa."

Jumanne saa tisa mchana Enda akaja. Alisimama uani akamwita mke wake kwa sauti ya upole, mara tatu. Dervla alikuwa ghorofani, amefunga mlango kwa kabati. Mbwa wangu, Tess, mbwa wa kuchunga kondoo, wa miaka kumi na moja, alitoka kumbwekea. Enda alifungua buti ya gari akatoa spana ya magurudumu. Nilitazama kupitia dirisha la jikoni. Pigo la kwanza lilimvunja Tess kiuno, na mbwa akawa anajivuta kwa miguu ya mbele kuja mlangoni kwangu, akilia kwa sauti ambayo sikujua mbwa anayo. Enda alimfuata taratibu, bila haraka yoyote, akipiga. Alipomaliza alikwenda kwenye bomba la uani akanawa mikono mpaka viwikoni.

"Samahani kwa usumbufu, Mama," akaniambia kupitia kioo. "Mwambie Dervla chakula cha jioni ni saa kumi na mbili. Nina mazoezi na watoto sasa hivi."

Polisi nilipowapigia waliniuliza kama kuna mwingine aliyeona. Mbwa wengi hugongwa na magari, mama, wakasema.

Sasa, Jumatano ilikuwa zamu yangu ya Misa. Nyumba za Drumkeelan hupokezana. Padre huja na sanduku lake, meza ya jikoni inakuwa altare, jirani wote wanaingia, na baada ya Misa wanakula mpaka mshipi ufunguliwe. Zamu ikikufikia unapaka rangi nyumba nzima, na mlango unauacha wazi. Siku hiyo hufukuzi mtu. Hata watu wawili ambao hawajasemezana tangu babu zao wagombanie mpaka wa shamba huingia wakasimama bega kwa bega. Utaniuliza kwa nini sikuahirisha. Kwetu watu wameahirisha harusi, kuna mmoja aliahirisha upasuaji wa moyo, lakini zamu ya Misa haiahirishwi. Na nisiwe mnafiki, mimi mwenyewe niliwataka wale watu. Nilijiambia nyumba ikijaa watu ishirini, binti yangu atakuwa salama kwa asubuhi moja. Akili za kuku.

Saa nne asubuhi jiko lilikuwa limejaa. Soseji zilikuwa kwenye kikaango cha chuma upande wa jiko usio na moto mkali, chai imeshaiva, viatu vyote vimepigwa rangi. Dervla alisimama karibu na jiko, nywele amezilaza upande wa kushoto kufunika bandeji. Padre Lavelle alikuwa ameanza tu kufanya ishara ya msalaba, ndipo Enda akaingia, suti na tai, na shada la maua mkononi. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Hao wahenga hawakuwa na mkwe kama wangu. Mzee Packie Tansey, jirani yangu wa karibu, alimpisha mlangoni kwa heshima. Mkewe, Nuala, akapokea maua.

Watu walisogea kumpa nafasi, na nafasi waliyompa ilikuwa kando ya mke wake. Walifanya hivyo kwa moyo mzuri kabisa, ndiyo maana nilitaka kuwachoma moto wote. Éabha alimwona baba yake akateremka kwenye kiti akaingia chini ya meza, nyuma ya kitambaa cha altare.

Somo likasomwa. Enda aliitikia sala zote kwa sauti nzito na safi. Nilimsikia akimnong'oneza Dervla katikati ya Baba Yetu, bila kugeuza kichwa.

"Gari liko getini. Unatoka na mimi. Ukinitia aibu mbele ya hawa, nitakuua, na huyo mdogo ataangalia."

Kisha Padre Lavelle akafungua mikono. Kanisani, tangu ule mwaka wa maradhi ya kuambukizana, watu siku hizi huinamishiana vichwa tu. Lakini nyumbani ni nyumbani.

"Mtakiane amani," akasema padre.

Watu wakaanza kushikana mikono, na Enda akageuka kwa mke wake na kuunyoosha wa kwake. Aliunyoosha juu, pale ambapo kila mtu angeuona. Macho yalikuwa yamejaa machozi. Yale ya misibani.

"Amani iwe nawe, mke wangu. Nisamehe kwa lolote nililokukosea."

Kila aliyekuwa ameshika mkono wa mwenzake aliuacha akatazama.

"Mpe, Dervla," Nuala akasema kwa sauti ya chini, machozi yakimtoka. "Mpe mwenzio mkono, binti yangu. Mbele ya Mungu jamani."

"Mpe," akasema mwingine nyuma.

Nikauona mkono wa Dervla unaanza kupanda. Mashahidi ishirini, na kesho ni Alhamisi. Nilijua akishausalimisha ule mkono atapelekwa mpaka garini ameshikwa hivyohivyo, watu wakitabasamu, na mara nyingine nitakayomwona atakuwa kwenye jeneza, Enda amebeba upande wa mbele.

Na nilijua ni nani aliyemfundisha kuutoa. Ni mimi. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuja kwangu na alama za vidole kumi shingoni, Éabha akiwa wa mwaka mmoja. Nilimpa chai. Nikamwambia kila nyumba ina moshi wake. Halafu nikamtia kwenye gari langu nikamrudisha, kilomita kumi na moja, nikamkabidhi kwa Enda mlangoni na kusema, "Mtunze, bwana." Nilifanya hivyo kwa sababu mama yangu alinifanyia hivyo mimi. Nilimkimbilia nikiwa na mkono kwenye plasta, akaniongoza kesho yake mpaka kanisani, mume wangu Malachy amesimama ngazini ananisubiri, na ilipofika saa ya amani nikampa mkono ule mmoja mzima. Watu walifurahi sana. Niliishi na Malachy miaka thelathini na mmoja baada ya hapo, humu humu jikoni, na nilimeza meno mawili. Alipolaliwa na trekta akafa, sikulia. Nilipaka jiko rangi ya njano. Kwetu mama humrithisha binti sahani, mashuka, na njia ya kurudi kwa mumewe.

Nikaingia kati yao na kuukamata mkono wa Enda.

Nataka ieleweke kwamba sikurukwa na akili. Mtu akikaa miaka thelathini na mmoja na mwanamume wa namna ile, anakuwa mtaalamu. Tusi haliwapandishi, Malachy ungeweza kumwita nguruwe akacheka na wewe. Kinachowatoa kwenye ngozi yao ni kuchekwa. Kicheko kidogo, cha puani, mbele za watu. Miaka yote ile niliilinda pua yangu kuliko nilivyoilinda roho. Siku ile nikaiachia.

"Amani iwe nawe, Enda," nikasema. "Haa! Mkono laini hivi! Kumbe ndio huu unaopiga wanawake na mbwa?"

Alitabasamu. "Mama, tuko kwenye Misa."

"Tuko kwenye Misa, ndiyo. Mbona unatetemeka?" Nikawageukia watu, mkono wake bado nimeushika kwa mikono yangu miwili. "Jamani, mshikeni muone, anatetemeka kama mtoto aliyekojoa kitandani. Kocha mzima! Jana kambwa kazee kalimshinda mpaka akatafuta chuma."

"Niachie, Mama."

"Jiachie mwenyewe, si una nguvu?" Na hapo nikacheka, kwa pua.

Alivikunja vidole vyangu kwanza. Viwili vilivunjika, nikavisikia kabla sijavihisi. Sikuacha. Halafu ngumi yake ya kushoto ikanipata chini ya jicho, na mfupa wa shavu ukaingia ndani kama ganda la yai. Niligonga ukingo wa meza, mshumaa ukaanguka, padre akakikumbatia kikombe cha Misa kifuani kama mtu anayeokoa mtoto kwenye mafuriko. Nikawa chini.

"Nani anatetemeka?" Enda alikuwa anapiga kelele, sauti imempanda juu, nyembamba. "Sema tena! Nani? Kikongwe we, nani?" Kila swali lilikuwa na teke lake. La pili lilivunja mbavu. La tatu lilinitoa pumzi yote, na la nne sikulisikia vizuri.

Nikiwa sakafuni niliona viatu. Jozi ishirini za viatu vya Misa, vinang'aa, vimepangika kuzunguka jiko langu, na hakuna hata kimoja kilichosogea. Chini ya meza niliona macho ya Éabha. Mdomo wangu ulikuwa umejaa damu, lakini moyoni nilikuwa nasema, tazameni basi, tazameni vizuri, kwa mara moja tu maishani mwenu tazameni.

Kisha soseji zikaanza kunyesha. Dervla alikuwa amekiinua kikaango na mafuta yake. Pigo la kwanza lilimpata Enda begani na mafuta yakamwagikia shingoni, akapiga ukelele wa nguruwe machinjioni. La pili lilimpata kichwani, juu ya sikio, upande uleule wa kushoto. Akapiga magoti. Aliinua mkono kujikinga, na mkono ukavunjika, nilisikia. Dervla alikuwa anapiga kwa mikono miwili, kama mtu anayepigilia nguzo ya uzio.

Na hapo, jamani, wale watu wakapata ndimi.

"Dervla! Inatosha!"

"Utamuua mtu, wee binti!"

"Dervla, kwa jina la Mungu!"

Kwangu walikuwa mabubu. Kwa Enda, waliongea wote.

Damu ilikuwa inamtoka Enda masikioni. Alilala kifudifudi, na Dervla akasimama juu yake akakiinua kikaango juu kabisa, mpaka kikagusa kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa chini ya dari. Nikaona kwamba hilo likishuka, mambo yamekwisha. Enda atakufa, binti yangu atalala gerezani, na Éabha atalelewa na mama yake Enda, yule aliyemlea Enda. Nilijivuta kwa kiwiko nikamkamata Dervla kifundo cha mguu kwa mkono wangu uliovunjika.

"Mwanangu. Mtoto anakuona."

Akageuka. Kikaango kilikuwa bado juu, lakini sasa kilikuwa juu yangu. Nilidhani hajanitambua, uso wangu ulivyokuwa. Alikuwa amenitambua vizuri sana.

"Na wewe," akasema. "Na wewe, mama. Uliiona shingo yangu. Uliiona, ukanifunga mkanda wa gari."

"Ndiyo," nikasema.

"Kwa mikono yako. Ukasema nisikunje gauni."

"Ndiyo."

Sikujifunika uso. Kama kuna jambo moja nililolifanya vizuri siku ile, ni hilo. Kikaango kikashuka, kikapiga kigae sentimita chache kutoka sikioni kwangu, na kigae kikapasuka vipande. Dervla akainama akamtoa Éabha chini ya meza, akamficha uso begani kwake, akatoka kwa mlango wa uani. Watu wakampisha.

Polisi walipokuja kuandika maelezo, mambo yakawa ya kuchekesha, kama mtu ana mbavu za kuchekea. Mzee Packie alisema alikuwa amefumba macho, anasali. Mwanawe alikuwa amefumba macho. Walimu wawili wa shule walikuwa wamefumba macho. Padre Lavelle alikuwa anaitazama hostia. Watu kumi na tisa, wote macho wameyafumba kwa ibada, saa ileile, kwa dakika zilezile. Sijapata kusikia kijiji kinachosali kwa bidii namna ile.

Wa ishirini alikuwa Nuala Tansey. Alikwenda kituoni peke yake, kwa baiskeli, mumewe akiwa machungani.

"Niliona yote," aliwaambia. "Mateke manne, siyo matatu. Alimpiga yule mama kwanza, kabla binti hajagusa kitu. Na andikeni kwamba mimi ndiye niliyemwambia Dervla atoe mkono. Andikeni na hilo."

Shahidi mmoja na picha za mifupa yangu vilitosha. Alhamisi Dervla alisimama mbele ya hakimu peke yake akapewa amri yake. Enda alipona, ila sikio la kushoto halisikii, na alifungwa miaka mitatu kwa ajili yangu. Kwa ajili ya Dervla hakufungwa hata siku moja, maana yale ya Dervla hakuna aliyeyaona. Kuhusu kikaango, Dervla alihesabiwa kuwa alimtetea mama yake. Sheria iliandika hivyo, nami sikuisahihisha.

Dervla alikuja kuniona hospitalini mara moja. Alisimama mlangoni na koti amelivaa, na mtoto hakuja naye.

"Keti, mwanangu."

"Siketi."

"Unakwenda wapi?"

"Mbali."

"Nitajuaje kama mko wazima?"

"Nikifa watakupigia simu," akasema. Alisema bila hasira. Hasira ningeijibu; kwa hasira mimi nina majibu. Alinitazama shavu, lile lililoshonwa kwa waya ndani, akalitazama muda mrefu kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapo. Kisha akasema, "Uliweza, kumbe."

"Niliweza."

"Miaka mitatu iliyopita pia ungeweza."

Akatoka, nikasikiliza hatua zake kwenye korido mpaka zikachanganyika na za wauguzi.

Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Tess nilimzika nyuma ya banda. Vidole viwili havikunji tena. Nuala huja kunikamulia nguo, na kila wiki huniuliza, "Dervla yuko wapi siku hizi?" Nami humwambia, hatuwezi kusema, Nuala, ni kwa usalama wao, yule mtu ana ndugu kila mahali. Nuala huitikia kwa kichwa, akaona ni busara.

Lakini Enda yuko ndani bado, na ndugu zake wameshaona haya, hakuna anayemtafuta. Anayefichwa anwani ni mimi.